Gredi za Wilo: Gongo Lipi la Kriketi Linamfaa Mchezaji wa Mombasa?

Mchezaji wa kriketi wa Mombasa anayetafuta gongo jipya hukutana na maneno matatu dukani kabla hajalishika gongo lenyewe: wilo (mbao inayochongewa magongo) ya Kashmir, wilo ya Uingereza, na nambari ya gredi. Bei hupanda kwa kufuata maneno hayo, na tofauti kati ya gongo la chini kabisa na la juu kabisa ni kubwa kiasi kwamba fedha za hilo moja hutosha kununua mengine kadhaa ya aina ya chini. Ulinganisho huu unaeleza nambari hizo zinapima nini, zinashindwa kupima nini, na ni gongo gani linalostahili fedha za mtu anayecheza katika joto na unyevu wa pwani yetu. Msimamo wangu nausema mapema: gredi hupima sura ya mbao zaidi ya nguvu yake, na kwa wachezaji wengi wa vilabu vya hapa, gongo la wilo ya Uingereza la gredi ya tatu lililochaguliwa kwa makini linafaa kuliko la gredi ya kwanza lililonunuliwa kwa jina.

Uingereza na Kashmir

Wilo ya magongo ya Uingereza hutokana na mti uitwao kitaalamu Salix alba, wa aina ya caerulea, unaopandwa zaidi kando ya mito na mabondeni katika majimbo ya mashariki kama Essex na Suffolk. Mti huo hukatwa ukiwa na umri wa miaka 15 hadi 20 hivi. Gogo hupasuliwa vipande vyenye umbo la kabari, ncha zake zikapakwa nta ili maji yasitoke kwa kasi na kuipasua mbao, kisha vipande hivyo vikakaushwa mpaka unyevu wake ushuke hadi karibu asilimia 12. Vipande hivyo ndivyo vinavyopewa gredi, na vingi husafirishwa hadi Meerut na Jalandhar nchini India au Sialkot nchini Pakistan, ambako mafundi huvichonga kuwa magongo. Ndiyo maana gongo lililotengenezwa India linaweza kuwa la wilo ya Uingereza bila udanganyifu wowote.

Wilo ya Kashmir ni ya ukoo huo huo, lakini imekulia katika udongo na hali ya hewa tofauti, na matokeo yake ni mbao iliyoshikamana zaidi, nzito zaidi, na yenye rangi ya kahawia badala ya weupe wa maziwa. Magongo yake huchongwa kwa wingi katika vijiji vya wilaya ya Anantnag kama Sangam na Halmulla, kando ya barabara kuu ya kutoka Srinagar kwenda Jammu, ambako mtu hupita kati ya marundo ya vipande vya wilo vilivyopangwa juani vikauke. Ugumu wa mbao hiyo una faida na hasara. Haibonyei upesi, kwa hiyo huvumilia mpira wa bei nafuu, sakafu ya saruji na mikono ya mtoto anayejifunza. Lakini mpira wa ngozi ukiipiga, haurudi kwa kasi ile ile inayotoka kwenye wilo ya Uingereza, na mikono huhisi mtikisiko zaidi, hasa mpira unapogusa karibu na ncha ya chini. Magongo mawili yenye ukubwa na umbo sawa yakiwekwa kwenye mizani, la Kashmir kwa kawaida ndilo zito. Fundi akitaka kulipunguza uzito hulazimika kuondoa mbao, na mbao anayoiondoa ndiyo iliyopaswa kuusukuma mpira.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuchagua ni nyepesi. Kijana anayecheza kwa mpira wa tenisi uliofungwa tepu, iwe uwanjani Makadara au katika vichochoro vya Mji wa Kale, hana sababu ya kununua wilo ya Uingereza, kwa kuwa mpira huo hauna uzito wa kuifanya mbao laini ionyeshe tofauti yake. Mtoto anayeanza mazoezi ya mpira wa ngozi shuleni naye atatosheka na Kashmir, zaidi kwa sababu gongo litakuwa fupi kwake baada ya muda si mrefu. Magongo ya watoto hupangwa kuanzia saizi ya 1 hadi 6, halafu huja saizi iitwayo Harrow kabla ya saizi ya mtu mzima, na mzazi anayemnunulia mwanawe gongo kubwa "akue nalo" humharibia namna ya kusimama na kupiga, hata mbao iwe nzuri namna gani.

Gredi inahesabu nini

Anayehamia kwenye wilo ya Uingereza ndiye anayepaswa kuelewa nambari. Anayepanga gredi hutazama mambo matatu: idadi na unyoofu wa mistari ya mbao inayoteremka kwenye uso wa gongo, weupe wa mbao, na madoa au mafundo yaliyomo.

Gredi ya kwanza huwa na uso mweupe karibu wote, mistari iliyonyooka na kuachana kwa nafasi zinazolingana, mara nyingi 6 au zaidi, na bila fundo wala doa la kuonekana usoni. Gredi ya pili ina ubora huo huo kwa sehemu kubwa, ila huruhusu rangi nyekundu kidogo kwenye ukingo, kijidoa kimoja au viwili, au mstari uliopinda. Gredi ya tatu ina mistari michache zaidi au isiyolingana, wekundu unaoweza kufikia nusu ya uso, na madoa zaidi. Gredi ya nne ndiyo yenye wekundu mwingi na alama nyingi. Kwa kawaida hupaushwa kwa dawa ili ionekane nyeupe au hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Mipaka hiyo si sheria. Kila kiwanda huweka mizani yake, na baadhi yao wameongeza majina juu ya gredi ya kwanza ili kuuza kwa bei ya juu zaidi, kwa hiyo gredi ya pili ya fundi mkali inaweza kuipita gredi ya kwanza ya kiwanda kingine.

Wekundu unaowatisha wanunuzi ni moyo wa mti. Kipande cha gongo hupasuliwa kutoka nje ya gogo kuelekea katikati, hivyo ukingo mmoja wa gongo uko upande wa gome na mwingine upande wa moyo, na pale moyo ulipoingia ndipo rangi hubadilika. Mbao ya moyo ni nzito kidogo, lakini haina udhaifu unaomzuia mtu kupiga mpira vizuri. Yale madoa ya kahawia yanayotawanyika kama mbawa za kipepeo nayo hushusha gredi na bei, ilhali wapo wachezaji wazoefu wanaoyatafuta kwa makusudi kwa kuwa mbao yenye madoa hayo inasifika kwa ugumu wake na kudumu. Kasoro ya kuogopa ni fundo lililo kwenye ukingo au karibu na ncha ya chini, na mistari inayokatiza ukingoni badala ya kuteremka mpaka chini, maana hapo ndipo ufa huanzia.

Mistari inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayohesabiwa dukani kwa shauku kuliko kitu kingine. Kila mstari ni mwaka mmoja wa ukuaji wa mti. Mti uliokua polepole huacha mistari iliyobanana, 10 au 12 kwenye uso mmoja, na mti uliokua haraka huacha mistari 5 au 6 mipana. Gongo la mistari iliyobanana kwa kawaida huwa tayari mapema na hupiga vizuri tangu mwanzo, lakini pia huzeeka mapema na kuchubuka. Gongo la mistari mipana huchelewa kufunguka, hudai kugongwagongwa kwa nyundo ya mbao kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchezewa, kisha hudumu. Mchezaji wa kulipwa anayepewa magongo na wadhamini hana hasara akichagua la kwanza. Mwanachama wa klabu anayetaka gongo limfikishe msimu wa tatu au wa nne amehesabu kitu kisichomfaa anapolipa zaidi kwa ajili ya mistari 12.

Kisichoandikwa kwenye kibandiko

Gredi hupewa kipande cha mbao ghafi, kabla fundi hajakigusa. Baada ya hapo hufuata kazi inayoamua zaidi ya rangi yoyote: kubanwa. Wilo ikiachwa kama ilivyokauka ni laini mno, na mpira wa ngozi ungeacha shimo. Fundi huipitisha chini ya gurudumu la chuma ili nyuzi za uso zishikamane na kuwa ngozi ngumu, huku za ndani zikibaki na hewa inayoupa mpira mrudisho. Ikibanwa kidogo mno, gongo hupiga kwa furaha kwa wiki chache kisha likajaa mabonde na nyufa. Ikibanwa kupita kiasi, gongo huwa gumu kama kipande cha mninga na mpira hufa usoni. Kipande cha gredi ya kwanza kilichobanwa vibaya ni gongo baya lenye sura nzuri, na kipande cha gredi ya tatu kilichobanwa na fundi anayejua kazi yake kinaweza kuwa gongo la kumfuata mtu miaka.

Namna pekee ya kulijua hilo ni sikio na mkono. Chukua mpira wa zamani wa ngozi, au nyundo ndogo ya mbao ikiwa muuzaji anayo, ulishike gongo kwa vidole viwili juu ya mpini lining'inie, kisha udunde mpira kidogo kidogo kuanzia sentimita 10 hivi juu ya ncha ya chini ukipanda kuelekea katikati. Gongo zuri hutoa mlio mwembamba ulio wazi na mpira huruka wenyewe. Gongo lililokufa hutoa mlio mzito wa kufifia, na mpira huinuka kwa uvivu. Fanya hivyo kwa magongo matatu au manne ya gredi moja, na utaona kwamba tofauti kati ya ndugu hao wa gredi moja mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya gredi ya pili na ya tatu. Usilionee haya ombi hilo. Muuzaji anayekataa gongo lake lijaribiwe hastahili fedha zako.

Baada ya mlio huja uzito mkononi, ambao si sawa na uzito wa mizani. Magongo mengi ya watu wazima huwa kati ya kilo 1.1 na 1.25. Hata hivyo gongo la kilo 1.2 lenye mbao nyingi karibu na katikati huinuka kwa wepesi kuliko la kilo 1.15 lenye mbao nyingi chini. Inua kwa mkono wa juu peke yake, kama unayejiandaa kupokea mpira wa mwendo mkali, na urudie mara kadhaa. Kiwiko kikianza kulalamika dukani, kitalalamika zaidi saa tisa ya alasiri jua likiwa usoni. Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka jijini Nairobi mwaka 1996, gongo alilolishika lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, naye Afridi alipewa na mwenzake wa timu, Waqar Younis. Halikuchaguliwa kwa ajili yake wala kupimwa kwa mkono wake kabla, ila lilimkaa.

Unene wa kingo nao umekuwa chambo cha wauzaji. Tangu Oktoba 2017 sheria za kriketi zinaweka ukomo wa sentimita 4 kwa kingo na sentimita 6.7 kwa unene wa gongo zima, juu ya ukomo wa zamani wa upana wa sentimita 10.8 na urefu wa sentimita 96.52. Gongo lenye kingo nene kabisa na bado likawa jepesi sana limepata wepesi huo kwa njia moja kati ya mbili: ama fundi amechimba mbao nyingi mgongoni, ama kipande kimekaushwa kupita kiwango cha kawaida. Hilo la pili ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa bara.

Unyevu wa Mombasa

Mbao huvuta na kuachia unyevu mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Gongo lililokaushwa hadi asilimia 12 huko Meerut au Essex likifika kisiwani kwetu, ambako hewa ya kawaida ina unyevunyevu wa asilimia 70 na kupanda, litaendelea kunywa maji taratibu mpaka lizidi kiwango lililotoka nacho kiwandani. Ongezeko la asilimia 2 au 3 kwenye mbao yenye uzito wa kilo moja ni gramu 20 hadi 30, kiasi ambacho mpigaji mwenye mkono mwepesi hukihisi. Gongo lililokaushwa kupita kiasi ili lionekane jepesi kwenye rafu litaongezeka zaidi ya hapo, na sababu iliyokufanya ulilipie itakuwa imetoweka kabla ya mvua za mwaka kwisha.

Kwa hali hiyo, hapa Mombasa nasisitiza mambo ambayo mwongozo uliotungwa kwa wachezaji wa Uingereza hauyapi uzito. Usinunue gongo lililo kwenye ukomo wa juu wa uzito unaouweza. Acha nafasi ya gramu hizo. Chagua lenye kinga ya raba kwenye ncha ya chini, au ulibandikie, kwa sababu ncha hiyo ndiyo inayogusa nyasi zenye umande na mkeka uliolowa, nayo ikivimba hupasuka katikati. Mafuta mabichi ya kitani yapakwe kwa kitambaa, kiasi cha kijiko kimoja usoni, kingoni na kwenye ncha, gongo likalazwa bapa mpaka mafuta yanywewe; mahali mpini wa henzerani unapoingia kwenye mbao kwa umbo la V pasiguswe na mafuta, maana gundi hulegea. Mafuta mengi hayazuii unyevu zaidi. Huongeza uzito na kuua mrudisho, na gongo lililolowa mafuta haliponi.

Katika hili gongo la gredi ya kwanza halina ulinzi wowote wa ziada. Weupe na mistari iliyobanana haivuti maji kidogo kuliko wekundu wa gredi ya tatu, na buti la gari lililoegeshwa juani Ganjoni litaikausha na kuipasua mbao ya bei ghali kama litakavyoipasua ya bei nafuu. Mchezaji anayecheza mechi chache kwa mwaka, gongo likilala kabatini wakati wote wa kusi, analipia sura ambayo hali ya hewa itaichakaza bila kujali nambari yake.

Nani achukue lipi

Nikiyaweka yote matano kando kwa kando, Kashmir ni ya mtoto, ya mpira wa tepu na ya mazoezi ya nyavuni dhidi ya mipira chakavu, na hata mchezaji mwenye gongo zuri hapotezi akiwa na la Kashmir la kupokea mipira ya mashine. Gredi ya nne ya Uingereza naiona kuwa hatua ngumu kuipendekeza: kupaushwa huficha mistari, mnunuzi hana cha kukagua isipokuwa mlio, na mara nyingi bei yake haipungui vya kutosha chini ya gredi ya tatu. Mwenye fedha za gredi ya nne pekee ni heri asubiri kidogo.

Gredi ya tatu ndiyo ninayompendekezea kijana aliyeingia timu ya klabu na mtu mzima anayecheza ligi za mwisho wa wiki, iwe katika uwanja wa Mombasa Sports Club au kwingineko. Ana haki ya kuchagua kati ya mengi kwa sababu wanaotafuta weupe wameyaacha, na akisikiliza mlio na kupima mkononi anaweza kutoka na gongo ambalo uwanjani halitofautiani na la gredi ya pili. Tofauti ya bei inunue nyundo ya kugongea, mafuta, karatasi ya kinga ya uso na glavu nzuri.

Gredi ya pili inamfaa mpigaji wa kwanza au wa tatu anayekabili mpira mpya kila mechi na anayecheza mwaka mzima, ambaye tofauti ndogo ya usawa wa mbao huionja mara nyingi. Gredi ya kwanza naiacha kwa mwenye magongo mawili au matatu tayari, anayejua umbo na uzito unaomkaa, na ambaye gongo likivunjika hatakosa la kuingia nalo. Kuna pia anayeinunua kwa kupenda tu uzuri wa mbao. Hilo halina ubaya, maadamu anajua kwamba analipia macho yake.

Jihadhari na kitu kimoja ambacho hulitia doa soko letu: gongo la Kashmir lililopaushwa na kuuzwa kama la Uingereza. Geuza gongo utazame ncha ya chini na sehemu ya juu mpini unapoingilia, ambako dawa haiingii vizuri. Mbao ikiwa nyeupe usoni na kahawia iliyokolea pande zote huko, mistari ikawa hafifu kama iliyofutwa, na uzito ukawa mkubwa kwa unene wake, ni Kashmir hata kibandiko kiseme vipi. Inua pia ukingo wa kibandiko kikubwa cha mgongoni ikiwa muuzaji anaruhusu, kwa sababu mafundo hupenda kukaa chini yake.

Gongo lolote la wilo ya Uingereza, hata lile linaloandikwa kuwa tayari kwa mchezo, linahitaji saa kadhaa za kugongwagongwa kwa nyundo ya mbao, kuanzia taratibu usoni na kumalizia kwenye kingo kwa pembe ili zizunguke, halafu mipira michache ya zamani nyavuni kabla ya mpira mpya wa mechi. Watengenezaji wengi hawalipi fidia ya gongo lililopasuka kingo kwa sababu ya kupuuzwa kwa kazi hiyo, wala la ncha iliyovimba kwa maji. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti ni siku ngapi atakubali kulirudisha gongo ikiwa kiungo cha mpini kitaachia, kwa kuwa hiyo ni kasoro ya kiwandani na hujitokeza mapema, mara nyingi kwa mlio wa kukwaruza unaosikika mpini ukikunjwa kidogo kwa mikono miwili.